Presha ya Risasi Kwenye Shotgani za Zamani: Kuingia Siyo Kufaa

(Hii ndiyo hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wapiga visahani, yaani wanaolenga kwa shotgani visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, wa Afrika Mashariki tunaoishi hapa Midlands, Uingereza. Naiweka yote kwa wale waliokosa.)

Ndugu zangu, asalaam alaykum, Bwana asifiwe, na wengine wote habari za mchana. Wazee wangu mliokaa hapo mbele, shikamooni. Nashukuru kuitwa niseme mbele yenu, maana jambo hili lipo moyoni mwangu muda mrefu na leo nitalisema lote.

Wengi wetu humu ndani siku hizi tunanunua shotgani za zamani, zile za mitutu miwili ubavu kwa ubavu zilizotengenezwa Birmingham au London au Liège kabla babu zetu hawajaoa. Naelewa kwa nini. Mnadani bei yake iko chini, mkononi ni nyepesi, ukiiinua begani inakuja yenyewe, alafu yale maua yaliyochorwa kwa mkono ubavuni hakuna kiwanda leo kitakuchorea kwa pesa hiyo. Mimi nakaa benchi kwa fundi bunduki hapa Birmingham na nazipenda kupita kiasi. Ndiyo maana nataka ziendelee kupiga, na nataka nyie muendelee kuwa na vidole kumi.

Sasa niulize. Nani humu ndani anajua presha ya risasi aliyopiga Jumapili iliyopita? Siulizi uzito wa marisau, zile chembe zinazoruka, siulizi rangi ya boksi, nauliza presha. Mnaona? Kimya. Na simlaumu mtu, kwa sababu presha ya bunduki ni kama presha ya mwilini, unatembea nayo, unakula, unacheka, huisikii popote, mpaka siku inapokuangusha.

Tuanze hapo basi, kwenye kusikia. Unapovuta kitufe, fataki, kile kiwashio cha nyuma ya risasi, inawasha baruti, na gesi inapanda mpaka kileleni ndani ya kama nusu ya milisekunde, marisau yenyewe hata hayajaenda mbali, yamesogea inchi moja au mbili tu kutoka kwenye ganda. Kwa hiyo mzigo mkubwa kabisa unabebwa na sehemu ya nyuma ya mtutu, pale kwenye chemba, yaani mahali risasi inapokaa, na mbele yake kidogo, na ndiyo maana mafundi wa zamani waliweka chuma kinene pale na kukipunguza kuelekea mdomoni. Unachokisikia begani ni kitu kingine. Teke linatokana na uzito wa marisau na mwendo wake, ukirusha mzigo mzito kwa kasi utasukumwa sana, ukirusha mwepesi utasukumwa kidogo. Presha inategemea sana baruti inawaka haraka kiasi gani. Hivyo viwili ni vitu tofauti. Narudia, teke na presha ni vitu tofauti.

Kuna kijana mmoja alikuja benchi na bunduki ya mwaka 1900 na kitu, akaniambia yeye yuko salama kwa sababu anatumia risasi za gramu 24 za marisau, zile za mazoezi, "hazipigi teke kabisa kaka." Ni kweli hazipigi. Lakini risasi nyingi za gramu 24 hujazwa baruti ya haraka, kwa sababu mzigo mwepesi unahitaji baruti inayowaka upesi ili iungue vizuri, na kilele chake kinaweza kuwa sawa au kikapita kile cha risasi ya gramu 30 yenye baruti ya polepole. Bega lake lilikuwa limestarehe na mtutu wake ulikuwa unafanya kazi ileile au zaidi. Gramu chache ni nzuri, zinaokoa mbao za kitako na bawaba, mimi mwenyewe nazipendekeza, lakini usizichukulie kama cheti cha presha.

Na kosa hili halikuanza kwetu. Zamani watu walikuwa wanajaza risasi zao wenyewe nyumbani kwa baruti nyeusi, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) wanaweka dramu 3, ambayo ni kama grein 82, vyote vipimo vya zamani vya uzito, wanapima kwa kikombe kidogo. Baruti za kwanza zisizo na moshi, kama Schultze na E.C., zilitengenezwa zipimwe kwa kikombe kilekile ili mtu asibadilishe mazoea yake. Sawa. Ikaja aina nyingine, nzito na iliyoshikamana, kama Ballistite, ambayo geji 12 ilikuwa inataka kama grein 26 tu. Sasa mtu amezoea kikombe, baruti hii nayo haina moshi, ile nayo ilikuwa haina moshi, anajaza kikombe hadi juu. Fikirieni wenyewe kilichofuata. Mpaka leo maboksi ya Marekani yanaandikwa dramu, utakuta "3 dr. eq." na watu wanadhani ni kipimo cha upole wa risasi. Hapana. Inakwambia kasi tu, kwamba risasi hii inakwenda kama ingejazwa dramu 3 za baruti nyeusi, na kuhusu presha haikwambii kitu.

Basi kama bega halisemi na boksi la dramu halisemi, nani anasema? Bunduki yenyewe inasema. Vua mitutu, igeuze, angalia chini bapa pale karibu na chemba. Umeona taji, herufi, namba? Hizo ndizo alama za prufu.

Prufu ni mtihani. Bunduki inafungwa, inapigwa risasi kali kupita zile za kawaida, alafu inakaguliwa, ikibaki nzima inagongwa alama. London wamefanya hivyo tangu hati ya mfalme ya mwaka 1637, na hapa Birmingham Proof House ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, ipo mpaka leo pale Banbury Street, na kwa sheria za nchi hii, ile ya 1868 na ya 1978, huruhusiwi kuuza bunduki isiyo na prufu halali, wala kuiweka sokoni. Siyo wewe tu, hata yule anayekuuzia wewe.

Sasa kuzisoma. Kitu cha kwanza kabisa, tafuta nitro, yaani alama kwamba ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Kuanzia mwaka 1896 hapa Uingereza utaanza kuona maneno NITRO PROOF pamoja na uzito wa marisau kwa aunsi, baadaye zikaja herufi NP chini ya alama ya London au Birmingham, na kuanzia 1954 Birmingham wanagonga BNP chini ya taji. Kama hakuna alama yoyote ya nitro, bunduki hiyo ilijaribiwa kwa baruti nyeusi peke yake, na karibu kila risasi ya dukani leo ni nitro, hata iwe nyepesi namna gani, hata boksi limeandikwa kwa ajili ya bunduki za zamani. Usipige. Ipeleke ijaribiwe upya, ikifaulu utagongewa alama na utalala usingizi, ikifeli utakuwa umeokoka. (Njiani mtakutana na maneno NOT FOR BALL, yanawachanganya watu, hayo ni ya kati ya 1875 na 1887 na maana yake mtutu umebanwa mdomoni, usipitishe risasi ya duara moja.)

Kitu cha pili ni namba ya presha, na hapa ndipo watu wengi wanapotelea kwa hiyo naomba tukae kidogo. Bunduki za kati ya 1954 na 1989 nyingi zimeandikwa "3 tons" kwa inchi mraba. Baada ya 1989 nyingi ziligongwa 850 bar, bar nayo ni kipimo cha presha. Mzee mmoja mwenye hesabu nzuri sana alichukua tani 3 akazidisha kwa paundi 2,240, akapata 6,720, akaona boksi linasema paundi 9,000 kwa inchi mraba, akaenda kuifungia bunduki yake kabatini akijua imekwisha. Haikuwa imekwisha! Tani zile zilipimwa kwa kifaa cha zamani, kipande laini cha madini kinachopondwa na gesi, na kifaa kile kinasoma chini kuliko mashine za umeme za sasa, huwezi kubadilisha kwa kuzidisha tu. Alafu kuna la pili. Ile ya tani ni presha ya kazi, presha ambayo bunduki inatakiwa kubeba kila siku. Ile ya 850 bar ni presha ya mtihani. Alama mbili hizi zinazungumzia kiwango kilekile cha bunduki lakini moja inataja kazi na nyingine inataja mtihani. Mtu akiona 850 akanunua risasi ya 850, anaifanyia bunduki yake mtihani kila anapovuta kitufe!

Kwa bunduki za kiwango hicho presha ya kazi ilikuwa wastani wa 650 bar kama tunavyopima leo, ambayo ni kama paundi 9,400. Iandikeni hiyo 650. Sasa linganisheni. Kiwango cha sasa cha Ulaya kwa risasi ya kawaida ya geji 12 kinaruhusu mpaka 740 bar. Zile za nguvu zaidi, ikiwemo za marisau ya chuma zenye nguvu kubwa, zinaruhusiwa mpaka 1,050. Marekani geji 12 ya inchi 2¾ inaruhusiwa paundi 11,500, yaani karibu 793 bar. Mmeona ilipo hiyo? Iko juu ya kazi na inakaribia mtihani. Risasi ni nzuri, kiwanda hakina kosa, bunduki ni nzuri, lakini hawa wawili hawakutengenezewa kukutana. Na msidhani geji ndogo ndiyo pole, ni kinyume chake, Marekani geji 20 inafika 12,000, geji 28 inafika 12,500, na .410, ile ndogo kuliko zote hizi, ya inchi 3 inafika 13,500. Kale kabunduki ka .410 ulikomnunulia mtoto kanaweza kuwa na presha kubwa kuliko geji 12 yako.

Wale wenye bunduki zilizobaki nyumbani, kwa wajomba Tanga, Moshi, Nakuru, kule kuna za Ubelgiji na za Kijerumani nyingi tu. Liège wana duara lenye herufi ELG, hilo peke yake halitoshi kwa nitro, tafuteni simba juu ya herufi PV, hiyo ndiyo nitro yao. Wajerumani wa zamani tafuteni taji juu ya N. Za Marekani hamtakuta alama kama hizi, kwao hakuna nyumba ya prufu ya serikali, kila kiwanda kilijaribu chenyewe, kwa hiyo Parker au L.C. Smith au Fox ya zamani inabidi ipimwe na fundi anayezijua, kwa sababu karatasi yake haipo kwenye chuma.

Tumesoma alama. Je, tumemaliza? Bado. Tuje kwenye chemba, na hapa nataka tuseme pamoja: kuingia siyo kufaa. Tena: kuingia siyo kufaa!

Urefu unaouona kwenye boksi la risasi ni urefu wa ganda likishafunguka, baada ya kupigwa. Kabla ya hapo mdomo wa ganda umekunjwa ndani. Risasi ya milimita 70 ikiwa mpya haijapigwa ina kama 58 tu. Chemba ya bunduki ya zamani ya Kiingereza ni inchi 2½, tunaiita 65. Kwa hiyo 70 inaingia bila shida yoyote, bunduki inafunga, klik. Hata ya 76, ya inchi 3, inaweza kuingia. Alafu unavuta kitufe, ganda linataka kufunguka, halina nafasi, mdomo wake unafungukia kwenye ile sehemu mtutu unapoanza kubana, marisau na kizibo kinachoyatenga na baruti vinalazimika kupita katikati ya mlango uliozibwa nusu, na gesi nyuma haina subira. Presha inapanda juu ya ile iliyoandikwa na kiwanda.

Jamaa mmoja alibisha sana hapa hapa kwenye klabu, akasema amepiga 70 kwenye chemba ya 65 miaka na miaka na hakuna kilichotokea. Nikamwomba maganda yake yaliyopigwa. Midomo imechanika na kukwaruzika, bunduki ilikuwa inamlalamikia kila Jumapili. Na mitutu ilipokaguliwa ilikuwa imeanza kulegea pale ilipoungwa kwenye bawaba. Mtasema mbona haijapasuka? Ndiyo, chuma hakipasuki siku ya kwanza. Kwa hiyo chemba ya 65 inunulie risasi za 65, hapa Uingereza bado zinatengenezwa nyingi tu na viwanda vikubwa, hamna kisingizio. Ukikuta boksi la urefu mwingine linaloandika waziwazi kwamba linafaa kwa chemba ya 65, hapo kiwanda kimechukua dhamana. Lisipoandika, rudisha kwenye rafu.

Na kuna wauzaji wanaojifanya kutusaidia, wanachukua kifaa wanairefusha chemba kutoka 65 hadi 70, "sasa inapiga kila kitu." Jamani. Wamekwangua chuma mahali palepale presha inapofika kileleni, na kwa sheria prufu ya zamani haipo tena mpaka ijaribiwe upya. Chemba iliyopimwa ikazidi urefu uliogongwa, muulize muuzaji karatasi ya prufu mpya. Hana? Shika koti lako uondoke.

Halafu kuna kutu, na hili linaniuma kuliko yote kwa sababu ndilo linalofichwa kwa makusudi. Alama inakwambia bunduki ilifaulu siku ile. Haikwambii leo. Fataki za zamani zilikuwa zinaacha chumvi inayokula chuma, baruti nyeusi nayo inaacha uchafu unaonyonya unyevu, mtu alirudi windoni amechoka akaiegesha bila kuisafisha, na pwani kwetu mnajua hewa ya chumvi inavyofanya. Ndani kunakuwa na vishimo. Sasa mfanyabiashara anayepeleka mnadani anajua mnunuzi atachungulia, anakwangua ndani mpaka vishimo vyote vinaisha, mitutu inang'aa kama mpya, na wewe unachungulia unasema mashallah safi sana! Umenunua mtutu uliokonda.

Dawa yake ni kupima, macho hayatoshi. Kipenyo cha ndani kinapimwa inchi 9 kutoka nyuma na kulinganishwa na kile kilichogongwa, kwa mfano inchi .729. Kikiwa kimeongezeka zaidi ya inchi 0.008, yaani milimita 0.2, hapa Uingereza bunduki iko nje ya prufu, hata ing'ae vipi. Alafu unene wa ukuta, kuna kipimo maalumu cha hiyo, na mafundi wengi hapa hawapendi kuona chini ya inchi 0.020, nusu milimita hivi, kwenye sehemu nyembamba. Kuna bunduki ilikuja benchi, nzuri mno, ya London, mtutu wa kushoto ulikuwa sawa na wa kulia ulikuwa umechimbwa upande mmoja mpaka ungeweza kuuminya. Mwenye nayo alikuwa anaipiga kila wiki.

Mtaniuliza Damasko, najua, naona wengine mmeshainua mikono. Ile mitutu yenye mawimbi, iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma na feleji zikachomelewa pamoja. Kuna wanaosema ni mabomu yote, na kuna wanaosema ni sawa na chuma cha leo. Wote wawili wanakosea. Birmingham Proof House ilifanya majaribio makubwa ya mitutu ya aina nyingi, matokeo yakatoka 1891, na mitutu ya kusokotwa ya Kiingereza ilishindana vizuri sana na feleji za wakati ule, moja ya aina hizo ndiyo iliyoongoza. Na hata leo kuna Damasko zinafaulu nitro. Lakini yule aliyefaulu mwaka 1891 alikuwa mpya, wa kwako ana zaidi ya miaka 100 ya unyevu ambao umeweza kujipenyeza kwenye maungio ambayo hakuna jicho linayaona. Kwa hiyo jibu langu ni lilelile: ina alama ya nitro? Imepimwa? Iko ndani ya prufu? Kama ndiyo kwa yote matatu, chukua risasi ya presha ya chini inayolingana na urefu wa chemba yake na ufurahie. Kama hapana kwa moja, hapana.

Nitaje machache kwa haraka maana muda unakwisha. Marisau ya chuma msipitishe kwenye mitutu hii myembamba ya zamani, hasa iliyobana mdomoni, marisau ya bismuth, aina ya madini, ni laini na yanafanya kazi vizuri. Risasi msiziache kwenye gari juani, joto linapandisha presha, na wanaokwenda nazo nyumbani Dodoma au Mombasa ndio wazingatie zaidi. Mlio ukitoka dhaifu, pufu, simama, fungua, toa risasi, chungulia mtutu, kizibo kinaweza kuwa kimebaki ndani na risasi inayofuata ndiyo itakayopasua. Na geji 20 na geji 12 zisikae mfuko mmoja hata siku moja: ya 20 inateleza ndani ya 12 inakwama mbele ya chemba, unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake. Watu wamepoteza mikono hivyo, na ndiyo sababu maganda ya geji 20 yakafanywa ya njano.

Sasa kama yako imefeli ufanyeje? Usilie mapema. Kama bawaba na kitako ni vizima, mitutu inaweza kukatwa na kuingizwa mipya kwenye mzizi wa zamani, itajaribiwa na kugongwa neno SLEEVED. Itapoteza thamani kidogo kwa wakusanyaji lakini itapiga. Kama ni ya baruti nyeusi tu na ukuta wake ni mzuri, wapo wenzetu wanaopiga baruti nyeusi kwa furaha kubwa, waulizeni wawafundishe kujaza. Kama ukuta umekwisha kabisa, itundike, na umwambie fundi aifunge kisheria isiweze kupiga, ili mjukuu wako asije akaishusha siku moja na boksi la risasi za dukani.

Pale nyuma kwenye meza nimeweka kipimo cha chemba, cha kipenyo na cha ukuta, na picha kubwa za alama za London, Birmingham, Liège na za Kijerumani. Mliokuja na picha za bunduki zenu kwenye simu, pangeni foleni tuzisome pamoja, na mliokuja na mitutu yenyewe na vyeti vyenu anzeni nyie, tukianza na hizo zenye chemba ya 65. Asanteni sana.